Nyangumi, Mvinyo na Mlango wa Shemeji

Jumatatu, 19 Agosti

Nimempoteza Gualter. Jana, Jumapili, saa sita mchana, mbele ya kanisa, watu wote wakisikia. Kaniacha na kwenda kwa Hermínio.

Niandike taratibu, maana hasira inanivuruga mwandiko.

Gualter ni kaka wa mke wangu. Kwa miaka tisa ndiye amekuwa macho yangu. Anakaa kwenye kibanda cha juu, pale mlimani, na darubini yake. Akiona nyangumi anapumua huko mbali, ananiambia kwenye redio nami napeleka boti na wageni. Bila yeye mimi ni mtu mwenye boti tu. Nyangumi anatoka kuvuta pumzi kidogo, kisha anazama karibu saa nzima. Ukikosea mahali, umewatoza watu nauli kuja kutazama maji.

Na Hermínio ni nani? Alikamua ng'ombe wa watu California miaka thelathini, akarudi hapa kisiwani Pico na meno mapya na boti ya injini mbili. Mimi sikwenda popote. Nilianza na boti yenye tundu. Nikaliziba mwenyewe. Hakuna aliyenipa hata msumari.

Natércia, mke wangu, anasema sababu ni mlango. Mlango! Eti kwa sababu wiki iliyopita nilipita na wageni kwenye kichochoro cha mapipa. Kila mtu hapa kijijini ana kijumba chake cha mawe meusi karibu na maji, ndimo anamolaza mvinyo wake. Mlango ukiwa wazi na mwenyewe yumo, atakwambia pita, nawe unapita. Gualter alikuwa amesimama mlangoni, glasi mkononi. Akasema piteni. Nikatazama saa. Nikasema tumechelewa, siku nyingine. Tukaendelea na safari. Basi!

Natércia anasema sikupita mbele ya mlango, nilipita juu ya uso wa kaka yake. Nikamwambia tupige hesabu. Kuingia kwa Gualter si kuonja, ni kuhamia. Glasi ya kwanza inakuja na jibini. Ya pili na pweza. Ya tatu na hadithi ya marehemu baba yao na nyangumi aliyepasua boti. Ukitoka, mchana umekwisha. Natércia akajibu kwamba ndiyo maana mchana ukaumbwa mrefu.

Mimi sababu naijua. Hermínio kamshonea kofia yenye jina lake.

Na kesho wanakuja Waholanzi sita! Siku tatu: bahari, mvinyo, bahari. Mkuu wao ni Bi Marijke, mwenye ofisi ya safari huko Utrecht. Mwakani ana kundi kila wiki kiangazi kizima, na kundi hilo litapewa mtu mmoja. Mimi au Hermínio. Amemleta baba yake, mzee Wouter, miaka themanini na moja. Barua ilisema mzee ana haja moja tu iliyobaki duniani: amwone nyangumi mkubwa, yule wa kichwa cha mraba. Vingine vyote ameshaviona.

Mzee akifurahi, nimepata. Mzee asipofurahi, nitauza boti niende kukamua ng'ombe.

Jioni nimepanda kibandani kuchukua kiti changu. Kiti ni changu, nilikinunua mimi. Gualter alinitazama nikikibeba, hakuinuka kunizuia. Akasema tu kwamba mguu mmoja ni mbovu, niangalie nisianguke.

Nilianguka kabla ya kufika barabarani.

Jumanne, 20 Agosti

Mpango wa leo: masikio. Wimbi la redio ya Hermínio nalijua. Hakuna sheria inayokataza mtu kusikia.

Waholanzi wamefika wakiwa wachangamfu, makoti ya mvua mwilini, jua likiwaka. Mzee Wouter kakaa mbele kabisa ya boti, kofia kapandisha, macho majini. Nikatega sikio.

Saa tatu asubuhi, sauti ya Gualter, tulivu kama mtu anayeagiza mkate. Hermínio, wako wawili, wakubwa. Weka mnara wa kanisa juu ya mti wa tini wa mjane Deolinda, halafu nyoosha mpaka paa la shule litoke. Waangalizi wetu ndivyo wanavyosema, kwa mnara na mti, hawana namba.

Nikaifungulia injini. Tulivyoruka! Nikageuka kumtazama Hermínio: yuko vile vile gatini, anakula karanga. Nikajua kasinzia. Nikacheka peke yangu kwa sauti. Waholanzi nao wakacheka, ni watu wa adabu.

Mnara juu ya mtini. Paa la shule. Na pale mbele yetu, kitu cheupe, kimelala chali, shakwe kakaa juu yake.

Friji.

Redio ikakohoa. Gualter tena. "Shemeji, kama umeshafika, irudishe pwani. Inachafua bahari."

Nikaivuta friji botini, ningefanyaje, wageni wananitazama. Wakapiga makofi. Wakadhani ndiyo kazi yetu ya kila siku, kusafisha bahari. Na tulipoiondoa, kwenye kivuli chake tukamkuta kasa! Mkubwa, kalala, kaelea kama sahani iliyosahauliwa. Akafungua jicho moja, akatupima wote, akalifunga. Waholanzi wakaanza kunong'ona kama wako kanisani. Mzee Wouter akamvulia kofia. Kisha akamuuliza binti yake kama huyu ndiye nyangumi mkubwa. Bi Marijke akamwambia hapana, baba, huyu ni kasa. Mzee akasema basi tungoje.

Halafu wakaja pomboo. Niseme ukweli, sijawahi kuona kundi la namna ile mwaka huu. Walichemka kutoka kila upande, wanaruka wawili wawili, watoto wamebanwa ubavuni mwa mama zao, mmoja anazunguka hewani kama pia. Waholanzi walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Hata mimi nilipiga mluzi. Mzee Wouter alitabasamu kwa wote, mmoja mmoja. Akauliza kama nyangumi mkubwa yumo. Hayumo, baba. Basi tungoje.

Tukarudi tumeloa na kucheka. Upande wa pili wa ghuba tukasikia makofi kutoka boti ya Hermínio. Wageni wake walikuwa wamewaona nyangumi watatu.

Friji iko uani. Natércia kauliza ya nini. Nikamwambia ina mlango mzuri. Akasema huo basi nijifunze kuupita.

Jumatano, 21 Agosti

Siku ya mvinyo. Ratiba nimeiandaa mwenyewe: vijumba vitano, dakika ishirini kila kimoja, kwa Gualter hatufiki. Nimenunua kipenga. Kipenga kikilia, glasi chini, twende. Natércia alipokiona alikaa kitandani, akacheka mpaka akashika mbavu.

Tuliingia kichochoroni saa kumi. Milango yote wazi, rangi yake nyekundu inang'aa juu ya mawe meusi, harufu ya mapipa imetanda. Nikavuta pumzi, nikaanza maelezo.

Ndipo milango ikaanza kufungwa.

Haikubamizwa. Ilifungwa kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, kadiri tulivyosogea. Mzee Serafim, yule anayeshika usukani wa boti ya mashindano ya kijiji, alifunga wake huku akitabasamu, akanisemesha dirishani kwamba wote wanajua mimi ni mtu wa haraka, hangependa kunichelewesha. Mjane Deolinda akafunga wake, akaniambia niisalimie saa yangu. Mpaka mwisho wa kichochoro hakikubaki wazi hata kidirisha. Waholanzi wakadhani ni desturi. Wakapiga picha za milango.

Mimi kijumba sina. Nilikuwa nacho, cha babu, nikakiuza nikanunua injini. Biashara ni biashara.

Mpango wa pili, papo hapo: banda langu la boti! Nikawatuma wageni watazame kanisa. Nikakimbia dukani nikanunua mvinyo wa boksi, ule wa bara. Nikaumimina kwenye chupa kubwa ya babu, ile iliyovikwa msuko wa fito, nikaipaka vumbi. Makreti ya samaki nikayapindua yawe viti. Nikawasha mshumaa. Palipendeza!

Nikawaeleza jinsi mzabibu wetu unavyoota kwenye jiwe lililomwagwa na mlima wa moto, unavyokunywa chumvi ya bahari, unavyoteseka. Yote ni kweli, ila si ya mvinyo ule. Mzee Wouter akanywa. Akafumba macho. Nikajua nimempata.

Akafumbua macho, akasema kitu kirefu. Bi Marijke akakawia kutafsiri. Mzee anasema mvinyo huu anaujua vizuri. Unauzwa duka la chini ya nyumba yake, kwenye boksi lenye picha ya ngome, na siku za Ijumaa ukinunua moja unapewa la pili.

Nyuma yangu ile friji, niliyoihamishia bandani asubuhi, ikadondosha maji.

Ningelimaliza hilo, maana mimi si mtu wa kukosa neno, lakini nilipogeuka mzee hayupo. Alikuwa ametoka kutafuta choo. Choo kitupu. Gati, hayupo. Kanisa, hayupo. Nikaingia kwenye mizabibu, vile viwanja vidogo vya kuta za mawe visivyo na mwanzo wala mwisho, naita mzee Wouter, mzee Wouter, naona mijusi tu. Miaka themanini na moja! Nilishaanza kutunga nitakavyomwambia binti yake.

Halafu nikasikia watu wanaimba.

Kichochoro kizima kimefungwa, mlango mmoja wazi. Wa nani? Mzee Wouter kakaa juu ya pipa, jibini mkono huu, glasi mkono ule, mashavu mekundu. Alikuwa anapita, Gualter akamwita ndani, akaingia. Hawana hata neno moja wanaloelewana. Gualter alikuwa anamsimulia habari ya baba yake na nyangumi, kwa mikono, kwa pipa, kwa ufagio badala ya chusa, na mzee anatikisa kichwa kila panapotakiwa. Hermínio naye ndani, na kofia yake. Akaninyanyulia glasi!

Waholanzi wangu, nao wameufuata ule wimbo, wakanipita kama nguzo ya taa. Mmoja mmoja. Bi Marijke wa mwisho. Nikabaki nje.

Gualter akanitazama kutoka kwenye mwanga wa ndani.

"Mlango uko wazi, shemeji."

Nikamwambia nina kazi.

"Kazi gani?"

Nikamwambia friji.

Akasema nikimaliza na friji, nijue walipo. Harufu ya pweza aliyechemshwa kwa mvinyo ilinifuata mpaka nyumbani. Nikala mkate wa mahindi, mkavu. Natércia hayupo. Naye yuko kwa kaka yake.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimeshinda! Acha nieleze.

Asubuhi bahari tupu. Gualter kimya kwenye redio tangu jua litoke. Hata Hermínio alikaa gatini na karanga zake. Bi Marijke akanijia peke yake, bila wasiwasi wala ukali, akaniambia meli yao inaondoka kesho mchana. Baba yake usiku hakulala. Aliamka mara tatu kuuliza kama kumekucha.

Hilo likanichoma. Nikasema lazima kitu kifanyike, na mfanyaji ni mimi.

Mpango: fataki. Zamani za baba zetu, kijiji kilipokuwa kikiwinda nyangumi, mwangalizi akimwona alirusha fataki moja angani na wanaume wote walikimbilia boti. Uwindaji ulikwisha mimi nikiwa na ndevu za kwanza. Siku hizi fataki ni za sikukuu ya kanisa, na nyumbani nilikuwa nimebakiwa na moja. Hesabu yangu ilikuwa hivi. Narusha nyuma ya makaburi. Hermínio anasikia, anadhani kibanda cha kijiji jirani kimeona, anatimua mashariki. Gualter anachanganyikiwa, anashuka kuuliza. Kibanda kinabaki kitupu. Napanda, natafuta nyangumi kwa macho yangu, nashuka, nawapakia Waholanzi. Haina kasoro.

Nikarusha. Ilipaa vizuri, ikapasuka juu ya mnara wa kanisa, moshi mweupe.

Nilichosahau ni kwamba hapa kwetu fataki haisikiwi na masikio. Inasikiwa na miguu.

Mzee Serafim alitoka kwa kinyozi na povu nusu ya uso. Wawili waliruka kuta za mizabibu, mikasi bado mkononi. Mtunza kanisa alikuwa juu ya ngazi anapaka chokaa. Sijui alishukaje, ila ngazi ilibaki imesimama peke yake. Mjane Deolinda alikuja mbio na mkate, kwa sababu wake ndivyo walivyokuwa wakifanya, kuwatupia waume mkate botini. Mume wake alikufa miaka mingi iliyopita. Akamtupia aliyekuwa karibu. Hakuna aliyeuliza ni nini. Hakuna mwenye chusa wala anayekitaka. Walikimbia tu! Wakafungua banda, wakaitoa ile boti ya mashindano, ndefu, nyembamba, rangi mpya, wakaibeba mabegani mpaka majini. Na wa kwanza kuishika alikuwa Hermínio. Miaka thelathini ya California haikumpunguzia hata hatua moja.

Mimi nilifika gatini nikihema, nikitaka kuwaeleza. Kasia moja lilikosa mtu, mwenyewe kalazwa na nyonga. Serafim akanikamata ukosi, povu likanirukia usoni.

"Kaa."

Nikakaa. Ubavuni kwangu, Hermínio. Mkononi mwangu, bado, ule mti wa fataki, niliouokota ulipodondoka ili nisiache ushahidi. Akautazama mti. Akanitazama mimi. Akanipa karanga moja.

Mzee Wouter alikuwa ameshakaa ndani ya boti. Hakuna anayejua nani alimpandisha. Bi Marijke akarukia botini nyuma yake na viatu vyake vizuri. Waholanzi wanne walibaki gatini na Natércia, wakipiga makofi kwa mdundo. Tukavuta. Miaka kumi sijavuta kasia, na Serafim anatukana mababu zetu wote kwa zamu, wa kwangu mara mbili.

Tukiwa nje ya ghuba, redio ikalia mfukoni mwa Serafim. Ilikuwa sauti ya Gualter, lakini si ile ya kuagiza mkate. Aliisikia fataki. Akadhani kuna kibanda kingine kimeona alichokikosa yeye, jambo ambalo halikumpata baba yake hata siku moja. Akabandika macho kwenye darubini mpaka machozi yakamtoka, na palepale ukingoni mwa upeo akaona pumzi.

"Serafim. Mnara juu ya mtini. Nyoosheni mpaka paa la shule. Polepole, msimwamshe."

Nikapiga kelele kwamba pale ni mahali pa friji! Serafim akaniambia nivute, friji nitaizungumza mbele ya padri.

Tulipokaribia tukanyanyua makasia. Tukakaa mbali kama sheria inavyotaka. Bila injini bahari ina ukimya mwingine kabisa, unasikia matone yanavyotoka kwenye makasia. Halafu, puuu. Pumzi ile ikatoka imelala upande, nzito, ikatufikia na harufu yake ya ngisi. Mgongo ukajitokeza kama mwamba uliosahau kuwekwa kwenye ramani. Kichwa cha mraba. Ubavuni mwake, mdogo mmoja, amekunjamana kama zabibu kavu.

Mzee Wouter akasimama. Watu wawili wakamshika mkanda wa suruali. Akavua kofia.

Yule mkubwa akajikunja. Mkia ukapanda, ukasimama, maji yakiteremka kwa pande zote mbili, na ukaingia ndani bila kishindo. Ikabaki duara laini juu ya maji, kama kioo.

Mzee akasema maneno mawili. Bi Marijke alikuwa analia na kucheka, alijaribu mara mbili kabla hajaweza kutafsiri.

"Anasema, huyu ndiye."

Basi tukalipuka. Serafim anacheka na nusu ya ndevu. Mkate wa mjane ukagawanywa kwa mikono. Hermínio alilia begani kwangu. Yeye anasimulia kwamba ni mimi niliyelia begani kwake. Nimeona niliandike la kweli hapa.

Kutoka pale hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Boti ikarudishwa bandani na miguu ikaelekea kwa Gualter. Mimi nilikuwa na nia ya kupita moja kwa moja nikaangalie injini. Lakini mzee Wouter alikuwa kanishika mkono wa shati, na mzee hasukumwi. Nikajikuta ndani. Gualter akanijazia glasi. Nikanywa. Lazima nikiri: mzuri. Mzuri sana. Una chumvi kwa mbali na una moto. Jibini, pweza, soseji na magimbi, na hadithi ya baba yao kutoka mwanzo, safari hii Serafim akiigiza nyangumi. Nilicheka mpaka nikasahau kutazama saa. Kwa makadirio, si chini ya masaa manne.

Katikati ya furaha Gualter akauliza nani alirusha fataki, maana amewapigia waangalizi wote na wote wamekana. Mti wa fataki ulikuwa umetokeza mfukoni mwangu. Hermínio akasema ni vijana wa sikukuu.

Kwa nini ananikinga? Kuna anachokitafuta. Nitakijua.

Ijumaa, 23 Agosti

Bi Marijke ameamua! Makundi yote ya mwakani yanakuja hapa. Kila wiki. Kiangazi kizima.

Dosari ndogo: hakupatana na mimi. Alipatana na Natércia, jikoni, mimi nikiwa nakagua friji. Masharti: boti mbili, yangu na ya Hermínio. Mwangalizi mmoja kwa boti zote. Alhamisi wazee na boti yao ya makasia. Na jioni moja kijumbani kwa Gualter, bila saa kwenye mkono wa mtu yeyote. Nikauliza kuhusu kipenga. Walitazamana.

Sawa. Lakini bila fataki pangekuwa na nini cha kupatana? Hakuna aliyelisema hilo. Nalisema mimi.

Yote sasa yanamtegemea Gualter. Akikubali, kazi ipo. Akikataa, Bi Marijke anapeleka watu kisiwa kingine. Hermínio alikwenda kwake asubuhi, akakaa, akanywa, akatoka na neno lake. Mimi nilimuuliza Gualter barabarani. Akasema tutaongea ndani.

Mchana nikawasindikiza wageni melini. Nikawapitisha kichochoroni kwa kuwa ni njia fupi, mizigo yote nimeisukuma mimi kwenye mkokoteni. Gualter alikuwa mlangoni. Nyuma yake meza imetandikwa, pweza anatoa moshi, kwaheri ya wageni. Akasema piteni.

Nikatazama saa. Meli inaondoka baada ya saa moja na nusu. Nikasema tumechelewa, siku nyingine, nikaendelea kusukuma.

Karibu na gati nikageuka kuwaeleza habari za mkondo wa maji kati ya visiwa. Nilikuwa peke yangu na masanduku sita.

Nimesubiri kwenye jua nikiyalinda. Wakaja dakika ya mwisho kabisa, wanaimba, mzee Wouter kakumbatia chupa kubwa ya kusukwa iliyojaa, Hermínio kamshika kiwiko. Nilitaka kufoka kwamba meli ingewaacha. Isingewaacha. Nahodha wake alikuwa nyuma yao, anafuta mdomo.

Mzee alinikumbatia kwa muda mrefu. Akaniambia kitu. Bi Marijke akasema ananishukuru kwa friji.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimeagiza fataki ishirini na nne. Kitu kikifanya kazi, unakiongeza.

Ratiba ya mwakani imekamilika. Kwa Gualter nimeweka dakika arobaini, yaani mara mbili ya wengine wote. Asiseme mtu kwamba sina moyo. Kuhusu saa za mkononi hakuna shida, nitaning'iniza ya ukutani.

Kiti nimekitengeneza mguu, nimekipandisha kibandani kama zawadi. Nimekifunga saa ndogo kwenye mkono wake, imsaidie. Jioni nimeikuta saa mlangoni kwangu, imefungwa kwenye kitambaa safi pamoja na kipande cha jibini. Kiti kabaki nacho.

Je, hiyo ni ndiyo? Ni hapana? Mtu wa hesabu anaisomaje jibini?

Nimepita mbele ya mlango wake mara tatu leo. Mara tatu ulikuwa wazi. Mara tatu alisema pita ndani, shemeji, tulizungumze. Mara tatu sikuwa na nafasi: friji, fataki, friji. Natércia anasema jibu liko ndani, limekaa mezani na glasi yake. Nimemwambia jibu lina miguu, na mlango ule ni mpana, litoke.

Kwa hiyo nimemwandikia. Nimeuweka ujumbe kizingitini pake, nikaugandamiza kwa jiwe, yeye mwenyewe akiwa amesimama ananitazama. Nakala ni hii, neno kwa neno:

Gualter. Unarudi au hurudi? Sitaki tutaona. Sitaki tutaongea. Sitaki pweza. Nataka neno moja, ndiyo au hapana, kabla ya kesho Jumapili saa sita kamili mchana. Nitakuwa nje.